Akiba Ndani ya Friji ya Watu

Vita vilikuwa mbali, baina ya mataifa ambayo Fundi Kesho asingeweza kuyaonyesha kwenye ramani bila kusaidiwa, lakini vilifika kwake mapema kuliko wageni wengi. Vilianzia kwenye unga, vikahamia kwenye mafuta ya taa, halafu redio ikatangaza kwamba meli zimesimama na kila familia ijiandae. Haikueleza kujiandaa kunafanywaje na watu waliokwisha kuchoka.

Mkewe alijiandaa kwa niaba ya wote wawili. Alijaza unga kwenye ndoo zenye mifuniko, akajaza maji kwenye kila chombo chenye mdomo, na viberiti akavificha mahali pazuri mno, ambapo mpaka leo hakuna aliyepakumbuka. Fundi alipewa kazi moja tu: dawa ya mama mkwe. Mama huyo alikuwa na kisukari pamoja na ulimi ambao haujawahi kuugua, na alijidunga insulini kila siku. Unga ukiisha mtu huazima kwa jirani, insulini haiazimwi. Fundi akazunguka maduka ya dawa hadi soli zikalegea, akarudi na akiba ya kutosha, akaipanga rafu ya kati, nyuma ya maziwa. Mama mkwe alikuja kuikagua, akasema angalau safari hii hakuambiwa kesho.

Kasoro ilikuwa moja, tena ya zamani kiasi kwamba nyumba nzima ilishaizoea. Friji haikuwa yao.

Ya kwao ilikufa kompresa, ule moyo wa friji, siku nyingi na sasa ilitunza viatu. Fundi alitengeneza friji za mtaa mzima, na ikipona moja, iliingia jikoni kwake kufanyiwa majaribio. Majaribio yaliendelea mpaka mwenye mali apige hodi. Hapo nyanya zilihamishiwa kwenye friji ya mteja mwingine, na maisha yakaendelea. Karakana haikuwahi kukosa friji iliyosahauliwa.

Vita viliwakumbusha wote kwa pamoja. Kila aliyesikia redio alitaka kugandisha nyama kabla haijaadimika. Wateja wakaja na mikokoteni, na haikuchukua muda karakana ikabaki na mizoga: milango isiyo na friji, friji zisizo na matumbo. Nzima ikabaki ile ya jikoni, mali ya Mama Sare, mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa akiambiwa kesho tangu mvua zilizopita.

Naye akaja asubuhi moja. Fundi akamwomba arudi baadaye, kuna kitu kidogo anamalizia.

"Jioni, fundi," akasema Mama Sare. "Ile siku yako nyingine siitaki."

Kitu kidogo chenyewe kilikuwa kompresa ya friji hiyohiyo. Ilikuwa ya aina ileile iliyongojwa na friji ya viatu, na mpya zilikuwa ndani ya meli zilizosimama. Kuihamisha ni kazi ya bolti chache. Angemwambia Mama Sare imekufa, na mtaani hakuna ambaye angembishia. Akachuchumaa nyuma ya friji na spana mkononi. Mkewe alipita, akaona, akakumbuka ghafla ana nguo za kuanua.

Mama mkwe hakuwa na nguo za kuanua.

"Unafanya nini, baba?"

"Naangalia tu, mama."

"Kwa spana." Akavuta stuli, akaketi taratibu. "Kila nikienda zahanati, miguu hunishinda pale kwa yule mama mwenye friji. Hunipa kiti. Ukiifungua hiyo, mimi nitapumzikia wapi?"

Bolti moja fundi alikwisha kuilegeza. Akaikaza tena, kwa uchovu wa mtu aliyenyimwa hata dhambi.

Jioni Mama Sare alifungua friji yake, akakuta nyanya, maziwa, na nyuma yake vichupa vya insulini. Akauacha mlango wazi, baridi ikimpita pembeni.

"Kumbe friji yangu imeolewa huku."

"Ilipona zamani, mama," akasema fundi. "Sisi ndio hatujapona."

Mama Sare akamtazama yule bibi kwenye stuli, akavitazama vichupa.

"Nyanya toeni," akasema. "Dawa iacheni humo. Ila fundi, hii friji ikizima, nikikuita uje palepale."

Wakaipakia, akiba ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi ndani yake. Fundi akatembea kando ya mkokoteni ameushika mlango, kama anayemsindikiza mgonjwa.

Tangu hapo mama mkwe humtuma kila asubuhi akaisalimie dawa, hata pale kichupa kilichopo nyumbani hakijaisha. Na kila asubuhi Mama Sare huwa amemwekea kitu: cherehani inayopiga kelele, pasi isiyopata moto, bawaba. Hamlipi, wala fundi hana uso wa kudai. Redio bado inawahimiza wananchi wajiandae.

Majuzi fundi alirudi mikono ikiwa myeusi kwa grisi, akajitupa kwenye kiti karibu na friji ya viatu.

"Ipo?" akauliza mama mkwe.

"Ipo, mama. Ina baridi."

Akavua viatu, akafungua friji, akaviweka ndani.

"Na kiti chako kipo. Mama Sare anauliza mbona siku hizi hupiti."