Majina Niliyavujisha Mimi, Akapigwa Mama wa Daftari

Admin, kisa changu kiweke, lakini jina langu lifiche, Kalemie yetu ni ndogo. Nina miaka 28, sijaolewa, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kiburi ninacho, sikatai.

Akina mama wa kikundi chetu cha kanisani waliniomba programu ya simu ya kuandikisha wanawake wanaopigwa na waume zao, ili wasaidiwe mapema. Majina yalikuwa kwenye daftari la Mama Anjela, mwandishi wa kikundi. Nikayanakili. Kazi yote nikaiweka kwenye ule mtandao ambako sisi watengeneza programu tunashirikiana, na kila badiliko linatunzwa pamoja na jina la aliyelifanya. Kwa haraka zangu nikapandisha na orodha ya majina, peupe kabisa. Nilipogundua nikaifuta, nikaendelea na chai yangu. Nilijua matoleo ya zamani hubaki. Nikajisemea, nani atachimba huko?

Alichimba mwenzangu wa kazi, shemeji yake Mama Sifa, mmoja wa walioandikwa kwenye orodha. Akamwonyesha kaka yake, mume wa Mama Sifa. Yule mume alimburuta Mama Sifa kwa nywele hadi uani, akampiga mkono kwa mchi wa kutwangia majani ya sombe mpaka mfupa ukatokeza, kisha akamkanyaga mdomo. Meno matatu yalitoka, watoto wanaona.

Nilipomfuata mwenzangu alinicheka: "Dada, ulifuta kwa juu tu, chini uliacha vyote. Yaya yangu, kaka mkubwa, alikuwa na haki ya kujua." Nilimzaba kofi mpaka kiganja kikaniwasha. Lakini mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi.

Jumapili baada ya misa, Mama Sifa alikuja mkutanoni, mkono umefungwa plasta. Wote wakamgeukia Mama Anjela.

"Ni wewe, njo wewe ulikuwa na daftari!"

"Mama zangu, sikumuonyesha muntu!"

"Muongo!"

Wakamwangusha. Viatu, ngumi, miguu ya viti. Walimpasua kichwa, damu ikamwingia machoni. Daftari kila mtu analijua, mtandao wangu hawaujui. Akiwa chini aliniona mlangoni, akasema, "Binti yangu, waambie. Wewe uliona namna nalifungia kwa sanduku." Nilikumbatia kompyuta yangu kama mtoto mchanga, nikatazama mateke.

Ukurasa wa kazi ile mtandaoni nimeshauficha. Sasa nimejifunza kufuta hata yale ya chini. Nikifuta, ushahidi pekee wa maandishi kwamba ni mimi unapotea, na Mama Anjela anabaki msaliti hadi kaburini. Nikisema, nimeona wanavyopiga.

Leo asubuhi Mama Anjela kanitumia ujumbe: "Binti yangu, niandike na mimi kwa programu yako. Nimepigwa."

Fomu nimeifungua, iko mbele yangu. Swali la kwanza linasema: Nani amekuumiza? Ndugu zangu, nishaurini, hapo niandike jina la nani?