Fimbo za Laini

Kwetu Ngara watu huchagua fimbo ya kuvulia kama wanavyochagua mti wa kupandishia maharage: iwe ndefu, basi. Baba yangu mdogo, wakala wa forodha pale Rusumo, alikuwa hivyo hivyo. Alinunua boti ya kuwapeleka wageni ziwani kuvua sangara wakubwa, akataka fimbo za futi kumi na mbili, kana kwamba anakwenda kuangua maparachichi.

"Baba mdogo, hizo ni za mtu aliyesimama ufukweni," nilimwambia. "Boti inayokokota chambo inataka fimbo fupi, futi sita hivi, ngumu, yenye kitako kinachokaa imara kwenye kishikio cha boti."

"Umevua wapi wewe?"

Sikuwa nimevua popote. Nilijifunza kwenye simu, shambani Nyakisasa, nikiandika na kufuta orodha zangu mpaka karatasi inatoboka. Hilo sikulisema.

"Haya, chagua nne," akasema. "Zikifaa, Jumamosi wewe ndiye utasimamia fimbo mbele ya wageni. Zisipofaa, namchukua mtu wa ziwani."

Wavuvi wetu huita uzi wa ndoana mshipi. Mimi niliona neno hilo ni la kishamba. Kwenye video wanasema laini. Na kwa kuwa kuna fimbo za kuvulia kwa waya, ambazo sikuzitaka, nikamwandikia muuzaji wa Mwanza: "Nataka fimbo nne za laini, fupi, za kukokota chambo."

Akajibu: "Laini kabisa?"

Nilicheka peke yangu. Muuzaji mzima wa fimbo, hajui laini! "Ndiyo, laini kabisa. Na tafadhali uwe unasoma kabla ya kuuliza."

Zilifika Biharamulo, tulikokwenda kuzipokea, kwa basi siku ya Alhamisi. Baba mdogo alifungua mfuko pale pale stendi, akashika ncha ya fimbo moja, akavuta kidogo. Ikapinda mpaka ncha ikagusa kitako.

"Hii ni fimbo au jani la muwa?"

Nikasema muuzaji ni mjinga, hajui Kiswahili. Nilisema haraka, nikiomba Mungu baba mdogo asitake kuona simu. Akaitaka. Akasoma kwa sauti, kwa ile r yake ambayo nimeisahihisha tangu nikiwa darasa la tano: "Fimbo nne za raini..." Akanitazama.

"Raini si teketeke? Umeomba teketeke, umeletewa teketeke. Mwanangu, mshipi umekukosea nini?"

Wapakia mizigo walicheka mpaka mmoja akakalia gunia. Baba mdogo akampigia mtu wa ziwani nikiwa nimesimama pale pale.

Muuzaji alikubali kuzibadilisha, baada ya kunifanya nimwamkie shikamoo mara mbili kwenye simu. Fimbo ngumu zikafika Ijumaa, zikiwa sawasawa na orodha yangu.

Jumamosi nilikuwa ndani ya boti, nikitoa maji kwa kopo. Mtu wa ziwani alisimama mbele ya wageni, kifua mbele, ameshika fimbo nilizochagua mimi. Kwenye rili, kile kigurudumu cha uzi, breki inayomwachia samaki avute kidogo alikuwa ameikaza kama nati ya tairi la lori. Sangara wa kwanza tu angekata kila kitu. Niliona.

Nikaendelea kutoa maji.