Ufunguo wa Mpigachapa

Amefariki mama mmoja wa hapa Usagara, ambaye ikiwa umewahi kupeleka barua nzito katika ofisi yoyote ya mjini Tanga, huenda aliipiga chapa yeye. Habari zenyewe zilinifikia kwa namna iliyoniudhi. Kundi la simu la mtaa wetu lilikuwa linabishana kuhusu taka, mtu mmoja akapenyeza katikati, "Yule mpigachapa wetu katutoka alfajiri, maziko Pangani baada ya adhuhuri," na aliyemfuata akajibu kuhusu taka. Nilimkasirikia huyo wa taka. Kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi, maana jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa sala wala pole kwa wanawe. Ilikuwa namba: asilimia arobaini na moja. Nivumilieni nieleze, kwa sababu nina jambo la kuungama na sioni njia fupi ya kulifikia.

Marehemu alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali kwa karibu maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu aliweka meza sebuleni, akawa anawapigia watu chapa zile karatasi ambazo mtu haoni raha kuzitamka mbele ya karani kijana: wosia, maombi ya talaka, malalamiko dhidi ya mwajiri, maelezo ya ugonjwa. Mimi ni fundi wa kompyuta wa kujifundisha. Baba alichuma chai huko Amani, na mashine yangu ya kwanza ilikuwa mbovu iliyotupwa na ofisi ya shamba. Niliifungua na kuifunga mpaka ikanihurumia. Kwa kuwa sina cheti cha kutundika ukutani, kila kazi naikagua mara tatu, na mteja akishaondoka nampigia simu kumuuliza kama bado inafanya kazi. Wapo wanaosema huo ni uaminifu. Ni maradhi tu.

Siku aliyokuja kwangu alisimama mlangoni kwanza, akaitazama meza yangu, nyaya zangu, na mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi asiyedokoa vitu ndani ya mashine za watu?"

"Ndiye."

"Mtu akiniibia mashine yangu, atasoma yaliyomo?"

"Atasoma, mama."

"Na neno la siri?"

"Hilo la mlangoni tu. Akichomoa diski, kaingia dirishani."

"Na nikifuta kila kazi baada ya mwenyewe kuichukua?"

"Kilichofutwa huacha alama. Anayejua hukirudisha."

Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyeibuni hali hiyo. "Basi ifunge na madirisha," akasema. "Na usinitolee nakala ya chochote. Siri yenye nakala si siri tena, ni uvumi unaosubiri mtu."

Kufunga madirisha kunawezekana. Kompyuta za siku hizi zina njia ya kusimba diski nzima, yaani kugeuza kila kilichomo kuwa vurugu isiyosomeka mpaka mwenyewe aandike neno lake la siri. Kazi hiyo huenda polepole, saa nyingi, na skrini hukuonyesha imefika asilimia ngapi. Nikaenda kwake, nikaianzisha. Hapo nikafanya kosa la kwanza, kosa ambalo ningemkemea mtu mwingine yeyote: mashine iliuliza kama iingize toleo jipya la mfumo, nami, nisiyependa kuona kitu kilichopitwa na wakati, nikakubali kabla usimbaji haujaisha. Toleo jipya likaingia vizuri. Usimbaji ukafika asilimia arobaini na moja, ukaganda.

Niliona nimemharibia. Siku ya kwanza nilikagua diski. Siku ya pili niliiwasha katika hali ya tahadhari, nikafuta mabaki ya mfumo wa zamani, nikaingiza amri nilizoziokota kwa watu nisiowajua, waliokuwa wakitukanana mtandaoni juu ya tatizo kama langu. Siku ya tatu nilijaza kurasa sita za daftari kwa nadharia. Kila asubuhi yeye alikuwa ananipigia simu.

"Mwanangu, mashine yako imekaa palepale."

"Si yangu, mama, ni yako."

"Ikiwa na akili ni yangu. Ikikaa hivi ni yako."

Nilimuuliza maswali kama polisi. Umebonyeza nini? Kuna maneno gani kwenye skrini? Umeongeza programu? Alijibu kila moja kwa utulivu: hakubonyeza, hakuongeza. Na kila nilipofika kwake niliikuta mashine iko wazi mezani, imechomekwa umeme, imeandaliwa kwa ajili ya mgeni kama anavyoandaliwa kiti, nayo inaniambia kwa ukorofi wake kwamba inakadiria muda uliobaki.

Siku ya nne nilikwenda asubuhi, nikaapa sitatoka mpaka nijue. Nikaketi pembeni na daftari langu. Akapiga chapa kidogo, vidole kumi, macho yake dirishani. Saa nne kasoro akainuka kwenda kuchemsha chai. Kabla hajaondoka alizima soketi ukutani, akachomoa plagi, akashusha kifuniko cha mashine, akaivalisha mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na kuunyoosha pembe zake. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninavyoyaandika.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunika mashine."

"Unafunika kila ukiinuka?"

"Kwani wewe ukitoka nyumbani unaacha mlango wazi?"

Nikafungua tena, bila kuchomeka umeme, na mara hii niliuona ujumbe ambao sikuwahi kuukuta: kazi imesimama mpaka mashine iunganishwe na umeme. Betri yake ilikuwa chovu, kwa hiyo hata akiichomeka tena, mashine ilikuwa inangoja ishibe kwanza ndipo iendelee, na kabla haijashiba yeye alikuwa ameinuka kuswali, au kupokea mgeni, au kugeuza mkate. Siku nne. Kurasa sita. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo.

"Mbona hukuniambia kwamba unaichomoa?"

"Hukuuliza. Uliniuliza nimebonyeza nini, nami sikubonyeza kitu." Akaweka vikombe mezani. "Ninyi watu wa milimani, ng'ombe akipotea mnaanza kumtafuta mbinguni."

Ikabidi mashine iachwe wazi kutwa nzima, na yeye akakataa katakata kuiacha peke yake. Basi tulikaa wote wawili tukiitazama namba ikipanda, yeye akiswali hapohapo sebuleni huku mimi nimekabidhiwa ulinzi. Ndipo akanieleza asili ya kile kitambaa. Alipokuwa mpya kazini, alikuwa anapiga chapa barua ya kumwachisha kazi mhudumu mmoja wa masijala. Akaitwa na mkubwa, akainuka, akaiacha karatasi ndani ya mashine ya chapa. Mtu akapita, akasoma. Yule mhudumu aliipata habari ya kufukuzwa kwake kwenye foleni ya mihogo ya kukaanga, kwa mtu aliyedhani tayari anajua, na barua yenyewe ikamfikia baada ya siku tatu. "Angefukuzwa tu," mama akasema. "Lakini alistahili kuisoma akiwa amekaa, mlango umefungwa. Hilo nilimnyima mimi." Tangu hapo hakuinuka bila kufunika, awe anakwenda mbali au karibu.

Kwenye alasiri ikafika mia moja. Mfumo ukatoa ufunguo wa dharura, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaofungua kila kitu iwapo mwenyewe atasahau neno lake. Nikauandika kwenye karatasi moja nikampa. Akauliza, "Ndio huu tu?" Nikajibu, "Ndio huu tu, mama." Nilipotoka uani kutafuta viatu vyangu, karatasi ikiwa bado iko mezani nyuma yangu, hofu ikanipanda. Je, ikiloa? Je, akiisahau alipoiweka, aje kuniambia nimemfungia maisha yake nje? Nikarudi kwa kisingizio cha chaja yangu, na alipokuwa anaosha vikombe nikaupiga picha kwa simu. Sikutaka kusoma barua ya mtu. Nilitaka tu kazi yangu isije ikashindikana.

Nikiwaambia kwamba nililiona hilo kuwa kosa dogo, nitakuwa nawadanganya. Nililiona kuwa si kosa kabisa. Nadhani tumezoea hivyo wengi. Ingia steshenari yoyote mjini kutoa nakala ya cheti, utazame skrini ya kompyuta yao: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, picha za pasipoti, barua za posa, majibu ya hospitali, vyote vimetapakaa pale kwa sababu mteja aliyetangulia alituma kwa simu, akachapishiwa, akaondoka, na hakuna aliyefikiri kwamba kazi haijaisha. Hatuna nia mbaya. Tunabaki tu na vitu vya watu. Yule mama alitoka katika dunia ya ofisi zenye kabati la chuma na mtu mmoja mwenye funguo, dunia iliyokuwa na ubaya wake mwingi, lakini humo aliyekabidhiwa alijulikana. Leo wanaobaki na siri zako hawajulikani hata kwao wenyewe.

Wiki moja baada ya maziko, binti yake anayeishi Muheza alikuja na mashine.

"Kaka, neno lake hatulijui, na karatasi ya ufunguo tumeitafuta mpaka kwenye Msahafu. Unaweza kutufungulia?"

Nikasema, "Dada, bila ile karatasi haifunguki."

Jibu lilitoka laini, kana kwamba nilikuwa nalo tayari. Nilijiambia nalinda siri za wateja wa marehemu, na kweli siku ileile mwanamke mmoja wa Kipemba auzaye mchele sokoni, ambaye mtoto wake aliniachia kompyuta nimtengenezee, alikuja kuuliza kwa sauti ya chini, "Wameshafungua?" Lakini nilikuwa najilinda mwenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sikutaka ajulikane.

Kisha nikasikia kinachoendelea msibani. Kaka wawili wa yule dada walikuwa wanasema karatasi ameificha yeye. Ati ndani ya mashine mna wosia kuhusu nyumba, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na mama. Walikuwa wameacha kula sinia moja naye. Nilivumilia jambo hilo siku mbili, na naona aibu kuwaandikia kwamba zilikuwa mbili. Nikaenda, nikaomba wakae wote watatu, nikasema, "Dada yenu hajaficha kitu. Ufunguo ninao mimi. Nilimwambia mama ni ile karatasi tu, kisha nikabaki na picha yake. Na juzi nikamdanganya dada."

Mdogo wa kiume akainuka kunifuata. Dada akamshika kanzu.

"Mwache." Akanigeukia. "Umewahi kuingia humo?"

"Sijawahi."

"Tutajuaje?"

Mimi ninayeweza kuthibitisha kila kitu, tarehe ya kila faili, saa ya kila kuwashwa, nilikuta sina lolote la kuwapa, kwa sababu ushahidi wowote ungetoka kwangu. "Hamwezi kujua," nikasema.

"Basi fungua tuone huo wosia," kaka mkubwa akasema. "Yaishe."

Dada akacheka, kicheko kikavu. "Wosia wa mama uwe ndani ya mashine? Bila sahihi, bila mashahidi? Wewe uliishi na mama gani? Mwanamke aliyekurudishia barua yako ya shule kwa sababu hukutia sahihi!" Kaka mkubwa akatazama mkeka. "Humo mna mambo ya watu tu," dada akaendelea. "Ya kwetu yangekuwepo, yangekuwa kwenye karatasi. Hatufungui. Kaka fundi, ifute. Hapa, tukiona."

Walichukua muda kukubaliana, na sauti zilipanda. Lakini hakuna aliyeweza kusema mama yao angeacha jambo la maana bila sahihi. Nikaifuta. Diski iliyosimbwa haihitaji kufutwa neno kwa neno. Unaharibu ufunguo wake tu, na vilivyomo vinabaki vurugu daima. Nilichokipigania siku nne kiliondoka kabla uji waliotuwekea haujapoa. Nikafuta na ile picha, wakaiona ikifutika, na papo hapo nikakumbuka kwamba simu yangu hupeleka nakala ya kila picha mtandaoni. Nikaingia huko nikafuta, nikakuta nakala nyingine kwenye simu ya zamani iliyounganishwa na akaunti ileile. Dada alikuwa ananitazama kila nilipogundua mahali pengine, na macho yake yalinichoma kuliko ngumi ya mdogo wake ingenichoma.

Kesho yake yule mwanamke wa mchele alikuja tena. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya ufunguo, maana nilikuwa nimechoka kuchagua nani aambiwe nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante kwa kuniambia." Kisha akaiomba kompyuta ya mtoto wake, niliyokuwa nimeifungua nusu, akaweka skrubu zake kwenye kipande cha gazeti, akavifunga vyote kwenye khanga, akaondoka navyo. Sikumbembeleza abaki. Marehemu aliniomba jambo moja jepesi, nisibaki na kitu, nami nikabaki nacho nikijiita mwangalifu. Hofu ilikuwa yangu, siri haikuwa yangu, na sikuwa na haki ya kuituliza ile kwa kuidokoa hii.