Bi Sioni na Pete ya Ndani ya Mlango

Siku ya kwanza Mama Milango alipofika kwa Bi Sioni, alikwenda na uongo uliokwisha kushinda mara nne. Ulikuwa uongo mfupi, uliopigwa msasa vizuri: pete yake ya ndoa imepotea, anataka kujua iko wapi. Waaguzi wanne walikuwa wameumeza mzima mzima, na kila mmoja akautia chumvi yake.

Bi Sioni alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mwisho wa ujia, kati ya duka la fotokopi na choo cha wapangaji, nyuma ya pazia la maua lililopauka. Magotini alikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu mbili, anaziunga kwa waya mwembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, miavuli na zipu. Kuagua aliagua Jumanne na Alhamisi asubuhi tu, na jina la Bi Sioni alilipata kwa sababu kila wakija wateja watano, watatu aliwaambia "sioni" na kuwarudisha walikotoka bila kupokea hata senti.

Hapo ndipo Mama Milango aliponasa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa, na hakuwahi kukutana na mfanyabiashara anayemfukuza mteja. Ama huyu kichwa hakijatulia, aliwaza, ama bidhaa yake ni halisi.

"Imepotea lini?" Bi Sioni aliuliza, macho kwenye waya.

"Jumapili, bibi."

"Lete mkono."

Mama Milango akautoa. Bi Sioni akautupia jicho mara moja, akarudi kwenye mwavuli.

"Mwanangu, wewe hujapoteza pete."

"Bibi, nimekwambia imepotea!"

"Mtu aliyezoea pete miaka mingi ikimpotea hakiachi kidole. Atakipapasa, atakisugua, atakificha. Wewe tangu umekaa hapo hujakigusa. Pete unajua ilipo. Haya, sema kilichokuleta, au uniache nimalize mwavuli wa watu. Lile wingu silipendi."

Mama Milango akaangua kicheko mpaka mtu wa fotokopi akachungulia.

"Umefaulu, bibi," alisema.

"Nimefaulu nini?"

Ikabidi aeleze.

Shida haikuwa pete, ilikuwa cherehani. Mdogo wake, mshona mapazia aliyechumbiwa na fundi baiskeli, alikuwa amekwenda kwa mwaguzi mmoja mwenye kibao kikubwa barabarani na chumba cha kusubiria chenye makochi. Watu walimwita Mtaalamu. Mtaalamu akamwambia ndoa yake imefungwa, na fundo lenyewe limekaa ndani ya cherehani. Ailete kabla ya Jumamosi jioni, ilale kwake siku saba isafishwe. Cherehani ile mdogo mtu aliinunua kwa jasho la miaka mitatu, na ndiyo aliyotegemea kushonea gauni la harusi. Hakuwa mjinga. Ila mapenzi yalikuwa yamemshika, na mwenye hofu ya kukosa huuziwa chochote na yeyote.

Mama Milango hakumwambia ni upuuzi. Alijua wateja. Ukimwambia mtu mlango alioupenda umeoza, anaununua ili akukomoe. Kwa hiyo wakapatana.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia. "Nitakutafutia mwaguzi asiyedanganya. Naye akisema hayohayo, cherehani nitaibeba mwenyewe, kichwani, watu wakiona."

"Na asiposema, dada?"

"Inabaki mezani pako."

Wakapeana mikono.

Mlango hupimwa kwa kugongwa. Mama Milango huanza juu kwa vifundo vya vidole, akishuka taratibu, na pale sauti inapofifia anajua mchwa wamekula. Alihitaji namna ya kuwagonga waaguzi. Jumapili hiyo akavua pete, akaifunga kwenye kipande cha kitambaa, akaisukuma ndani ya tundu la kitasa la mlango mzito wa kijani uliosimama yadini kwake. Kisha akaanza mzunguko.

Wa kwanza akasema pete iko majini. Wa pili akasema imemezwa na jogoo, aletewe huyo jogoo amtazame tumboni, na Mama Milango hafugi hata paka. Wa tatu alikuwa wa kwenye simu, na kila alipoikaribia pete mtandao ulikatika mpaka atumiwe vocha. Wa nne alikuwa Mtaalamu mwenyewe. Kwenye makochi yake palikuwa na mama mmoja mchangamfu, mguu wa kulia umefungwa bendeji, anayemwuliza kila mtu habari zake. Mama Milango akamwambia yote aliyotaka yafike ndani: pete, yadi, mdogo wake anayeshona. Mama yule akaingia "kuomba maji ya kunywa". Muda si muda Mtaalamu akamwita Mama Milango, akafumba macho, akapumua kwa nguvu.

"Aliyeichukua ni mwanamke," alisema. "Wa damu yako. Mdogo kwako. Mkono wake unashika sindano."

Mama Milango alikaribia kumkumbatia. Mtu yule alikuwa amemwita mteja wake mwenyewe mwizi. Ilibaki kumsimamisha mdogo wake mbele ya mlango wa kijani na kuichomoa pete mbele ya macho yake. Lakini alikuwa ameahidi pia mwaguzi mkweli, na mapatano kwake hayakatwi nusu. Ndiyo maana Alhamisi ile alikuwa kwenye ujia.

Bi Sioni alimsikiliza hadi mwisho, huku akizungusha waya.

"Umeificha vizuri?"

"Ndani ya tundu la kitasa, bibi. Mlango wa kijani."

"Mlango wa nyumbani kwako?"

"Wa yadini."

"Wa kuuza?"

Mama Milango akakohoa. "Wa kuuza, ndiyo. Lakini uko huko mwezi wa tano sasa. Hakuna anayeuulizia."

"Na yadini umemwacha nani?"

"Mume wangu. Huyo usiwe na wasiwasi, bibi. Ni seremala, mkono wake una baraka, lakini kuuza hawezi. Hajawahi kuuza hata bawaba."

Bi Sioni akauweka mwavuli chini kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu," alisema, "kimbia."

Akakimbia. Alipofika yadini, mumewe alikuwa amesimama getini, randa mkononi, meno yote nje.

"Mke wangu! Leo nimeuza!"

"Umeuza nini, Fundi?"

"Ule wa kijani! Tena kwa bei uliyoiandika kwa chaki, sikushuka hata kidogo. Mtu alinibembeleza nikakaza uso kama wako. Hivi!" Akakaza uso.

Mama Milango alitaka kupiga kelele, ila uso ule ulifanana mno na wake. Akaketi juu ya rundo la fremu na kucheka kwa uchungu. Mdogo wake alikuwa ndani anakunywa chai, akatoka na kikombe.

"Dada, mbona midomo imekukauka?"

Hapakuwa na namna ya kukwepa. Akamweleza yote, toka kitambaa hadi sindano ya Mtaalamu.

"Kasema mimi ndiye niliyeiba?"

"Kasema."

"Mimi? Mimi ninayempelekea cherehani?"

"Wewe wewe."

"Na pete haijaibwa, iko ndani ya mlango."

"Iko."

"Na mlango umeuzwa." Mdogo mtu akaweka kikombe, mikono kiunoni. "Dada, unasikia unavyosikika? Pete isipoonekana, mimi ni mwizi, na yule ni mkweli kuliko wewe. Nitaipeleka cherehani nikiwa nalia, na sitakusamehe."

Aliyenunua alikuwa kinyozi, anafungua duka jipya mitaa miwili mbele. Wakaenda wote watatu. Mlango walikuta umeshatiwa kwenye fremu, nusu kijani, nusu nyekundu, na kinyozi ana brashi mkononi. Kitasa kipya alikuwa amekitia juu zaidi, na tundu la zamani amelifunika kwa kibati chenye skrubu nne.

Mama Milango akavaa uso wa kazi.

"Mwanangu, nimekuja kukusaidia. Mlango huu una kasoro. Mchwa."

"Mzee kaniambia mchwa hawajawahi kuugusa," kinyozi alijibu. Fundi akaitikia kwa kichwa, mwenye fahari.

"Mume wangu ni mgeni kwenye mauzo. Nakurudishia pesa yako yote."

Brashi ikasimama hewani. "Muuza milango arudishe pesa? Tangu lini?"

"Na nakuongezea kidogo, kwa usumbufu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akataja. Kinyozi akarudi nyuma hatua moja, akautazama mlango kama mtu anayemtazama mchumba. Mama Milango akapandisha. Kadiri alivyopandisha, ndivyo kinyozi alivyozidi kuupenda. Miaka kumi na tisa ya kujua bei ya kila kitu, na sasa alikuwa anajipandishia mwenyewe, analiona hilo, na mdomo hausimami.

"Mama," kinyozi alisema mwishowe, "humu ndani mna nini?"

"Mna pete!" mdogo mtu alifoka. "Mna pete ya dada! Aliificha ili awapime waganga, shemeji akauza mlango, na nikitoka hapa bila hiyo pete mimi ni mwizi na cherehani yangu imekwenda! Haya, umejua!"

Kisha kinyozi akaketi kwenye kiti chake kipya cha kunyolea, ambacho bado kilikuwa na nailoni, akacheka mpaka kiti kikazunguka. Aliporudi upande wao, alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye rangi, na shavu limekuwa jekundu.

Akachukua bisibisi. Skrubu nne zikatoka, akaingiza kidole, akachomoa kitambaa. Hakukifungua.

"Kwanza mwenye mali aitaje. Pete gani?"

"Imebonyea upande mmoja," Mama Milango alisema. Akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho, akashusha sauti. "Ni shaba. Imepakwa tu dhahabu."

"Shaba?" Fundi aliuliza.

"Nilijua tangu siku ya harusi. Sikutaka kukuvunja moyo."

Fundi akajikuna kisogo. "Mimi nilijua wiki iliyofuata. Niliogopa kukwambia. Nikasema huyu mwanamke anayegonga kila mbao, siku akiijua ataniuza na mimi."

"Mwe!" mdogo mtu alisema. "Ndoa yenu ndiyo ya kupeleka ikasafishwe."

Ilikuwa ya shaba, na ilikuwa imebonyea. Mama Milango akaivaa, akakipapasa kidole, akajikuta anakipapasa tena.

Jumamosi asubuhi mdogo mtu alikwenda kwa Mtaalamu mikono mitupu. Kwenye makochi walikuwa wamekaa watu sita, na yule mama mchangamfu katikati yao. Bendeji ilikuwa imehamia mguu wa kushoto.

"Mama yangu, pole," mdogo mtu alisema kwa sauti ya kuitia mitaa miwili. "Jumatano kidonda kilikuwa kulia. Kimehama lini?"

Mama yule akaitazama miguu yake yote miwili kama mtu aliyesahau zamu ni ya upi. Kijana mmoja akapasuka kicheko, akamwambukiza jirani yake, na watu sita wakatoka nje kwa mstari, wanashikana mabega. Kibao cha Mtaalamu kilishuka mwezi huohuo. Wanasema kimepandishwa mji mwingine.

Jumanne mdogo mtu akaenda kwenye ujia, akainamia pazia la maua.

"Bibi, ndoa yangu unaionaje?"

"Sioni."

"Hata kidogo?"

"Naona msichana mwenye cherehani yake. Ana mchumba anayemsubiri hapo nje, grisi kwenye kucha, ameogopa kuingia. Mengine mtayaona wenyewe."

Akatoka anarukaruka. Gauni alilishona kwa wiki tatu, na mabaki ya kitambaa akayafanya pazia la dirisha la kinyozi.

Mama Milango alihesabu alichopoteza: ada za waaguzi watatu na vocha za mmoja, bawaba tatu mpya alizompa kinyozi kwa kicheko chake, na siri ya miaka kumi na tisa. Fundi ndiye aliyeharibika kabisa. Tangu siku ile anataka kuuza kila kitu, juzi alikaribia kuuza meza waliyokuwa wanakulia.

Lililomkera ni Bi Sioni kukataa ada. Kitu cha bure huwezi kukipunguza bei, na mtu asiyekupa nafasi ya kubishana amekushinda. Akampelekea mlango, mwepesi, mweupe, uchukue nafasi ya pazia.

"Kiasi gani?" Bi Sioni aliuliza.

"Chukua tu, bibi."

"Sichukui tu. Taja."

Mama Milango akataja bei ya kutupa. Bi Sioni akapandisha. Mama Milango akashusha, Bi Sioni akapandisha tena, na mtu wa fotokopi akaacha kazi kuja kusikiliza, kwa sababu hajawahi kuona soko lililosimama kichwa chini. Mwisho wakakutana kwenye miavuli: kila mwavuli wa yadini utakaovunjika, Bi Sioni ataunga, mpaka mmoja wao achoke.

Fundi akautia mlango kwenye fremu siku hiyohiyo. Kabla hajapokea ufunguo, Bi Sioni akaingiza kidole ndani ya tundu la kitasa, akakizungusha pande zote, taratibu, akakitoa.

"Sioni kitu," alisema. "Haya, nimenunua."