Mama Chaji na Treni ya Kigoma

Usoke nzima ilimjua Eustadia kwa jina la Mama Chaji, na yeye alilipenda jina hilo pengine kuliko la ubatizo. Simu za wenzake zilizima kabla jua halijatua; yake ilifika kesho yake jioni bado ina uhai, na ilikuwa simu ya kawaida tu, yenye ufa pembeni mwa kioo, aliyonunuliwa na bintiye Julieth. Ukimuuliza siri alikupa bila choyo, ila kwanza akucheke. "Kioo kinawaka kama ukumbi wa harusi, data iko wazi, simu inatetemeka kila ukitumiwa salamu, halafu unalalamika betri mbovu! Betri imekukosea nini?" Hapo alikunyang'anya simu, akapunguza mwanga, akazima data na mtetemo, akafunga yote uliyoyaacha wazi ukasahau, kisha akakurudishia kama mkunga anayekukabidhi mtoto.

Fahari hiyo aliitoa mbali. Alikulia Goweko kwa wakulima wa tumbaku, na baba yake alikuwa na redio iliyokula betri kama ng'ombe anavyokula chumvi. Betri zikichoka, Eustadia alizipandisha juu ya bati la ghala na kuzianika juani kutwa nzima. Jioni redio iliongea tena, japo kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Majirani wakaanza kumletea za kwao. Akakua akijua kwamba ana mkono wa betri, kama vile wengine wana mkono wa kupanda miche, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mkono huo ukapata kazi. Julieth alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, huko Dodoma, na sasa mumewe Deus, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Kigoma. Wote wanne wangepita Usoke ndani ya treni. Kushuka hawawezi, Deus alitakiwa kuripoti kazini, na treni yenyewe pale Usoke husimama kufumba na kufumbua. Eustadia alikuwa hajawatia wajukuu zake machoni. Angewaona dirishani, angewashika, basi. Ila alihitaji kujua behewa, na behewa lilikuwa halijulikani, kwa sababu treni ikifika Tabora hukatwakatwa, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na abiria hupangwa upya.

"Tukitoka tu Tabora nakupigia, mama," Julieth alisema kwenye simu siku moja kabla ya kupita. "Nitakwambia behewa gani. Ila simu isizime, nakuomba."

"Izime? Unadhani unaongea na nani wewe?"

Usiku huo upepo wa mvua ukalaza nguzo za umeme porini huko, na Usoke ikaingia gizani.

Asubuhi Eustadia alitoa amri nyumbani kwake. Mumewe, mzee Ngollo, alikuwa kitandani, mguu umefungwa hogo la plasta tangu mkokoteni wa ng'ombe ulipompindukia, na starehe yake pekee ilikuwa kutazama video za ngoma kwenye simu ya mkewe.

"Hata moja tu?" mzee aliomba.

"Hata nusu! Hii ni chaji ya wajukuu zako. Wewe huwezi kufika stesheni, kwa hiyo nitawapiga picha, utazitazama mpaka macho yakuume."

Ngollo akageukia ukuta kwa utii. Mwenye mguu mzima angebisha.

Njiani kwenda kisimani, Nurdini mwenye duka, ambaye ana sola, alimwita. "Shikamoo, Mama Chaji! Leta simu nikuchajie, foleni si ndefu."

"Marahaba, mwanangu. Nikiiacha kwako, binti yangu akipiga nani apokee? Wewe?"

"Nitakimbia nikuletee."

"Na tumbo hilo?"

Wakacheka wote wawili. Lakini ukweli ni kwamba palikuwa na jambo jingine zaidi ya kuogopa kuikosa simu ya Julieth. Mama Chaji akapange foleni na watu aliokuwa akiwacheka miaka yote? Thubutu!

Treni ilichelewa, kama ilivyo desturi yake. Jua lilipofika utosini, Julieth akapiga akipiga kelele za furaha: wameshaingia Tabora, mabehewa yanakatwa, wakiondoka tu atampa habari. Eustadia akakata simu. Akatazama pembeni mwa kioo. Chaji ilibaki asilimia kumi na mbili. Akatazama nje. Baada ya mvua ya jana, jua lilikuwa kali, la kuunguza nyayo. Mkono ukaanza kumwasha.

Jamani, Eustadia! Lakini nani wa kumlaumu? Jua lilikuwa limemtii tangu utotoni. Akaibeba simu kwa mikono miwili, akailaza kifudifudi juu ya bati la banda la kuku, jirani na michembe ya viazi aliyokuwa ameianika, akasogea nyuma kidogo kuhakikisha kivuli cha paa hakiigusi. Kisha akaingia ndani kuwapikia wageni ambao wasingekula kwake: maandazi ya Deus, karanga za Julieth, na kichupa cha asali. Akaoga, akavaa kitenge kipya, akajipaka mafuta. Alikuwa akiimba peke yake, na Ngollo akimwitikia kutoka kitandani.

Alipotoka kuichukua simu nusura aitupe. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Kioo kilionyesha kipimajoto chekundu, kisha kikawa cheusi. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akaipuliza, akaiita kwa jina la Yesu.

"Ngollo, nimeiua! Nimeiua kwa mkono wangu!"

"Imwagie maji!"

"Hii si tanuru, baba!"

Akaburuta mtungi wa maji mpaka ubavuni mwa kitanda, akaiegemeza simu kwenye udongo wake wa baridi. Kwa mara ya kwanza maishani aliuogopa mkono wake. Ndipo honi ikalia upande wa Tabora, ndefu, karibu kuliko alivyotegemea.

"Nenda!" Ngollo alifoka. "Simu niachie mimi!"

"Usiiguse!" alijibu, tayari yuko nje, kapu kichwani.

Hakuna aliyewahi kumwona Eustadia akikimbia, na siku hiyo waliomwona walimpisha. Alifika stesheni pamoja na treni. Wauza karanga, wauza asali na wauza mahindi walikuwa wamekwisha kujipanga, sinia juu, sauti juu. Madirisha yakapita mbele yake, kila moja na vichwa viwili vitatu. "Julieth! Julieth!" Dirisha moja likafunguka, akatokea Julieth mwingine, mama mtu mzima mwenye miwani. "Abee?" Si huyo! Akakimbilia mbele, akarudi nyuma. Watu walishuka, magunia yakashuka, mlinzi wa treni akaanza kutazama huku na huku kama mtu anayetaka kuondoka. Eustadia akasimama katikati ya jukwaa. Jina moja halikutosha kwa treni ndefu namna ile.

Basi akaimba. Kwa Wanyamwezi mapacha wakizaliwa, wanawake huwaimbia nyimbo ambazo siku nyingine hata kuzifikiria ni aibu, nyimbo zinazotaja mambo ya watu wazima kwa majina yake bila kuyafunika nguo. Na mama wa mapacha akiusikia wimbo huo lazima aitikie. Eustadia, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, alifumba macho na kuutoa wote, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hadharani, mchana kweupe. Wauza karanga wakaduwaa kidogo tu. Kisha wakaweka sinia chini, wakapiga makofi, wakaudaka wimbo. Ndani ya treni waliojua walikufa kwa kicheko. Wasiojua waliuliza, na walipoambiwa wakawaziba watoto masikio.

Karibu na mkia wa treni dirisha likateremshwa. Kichwa cha Julieth kikatokeza, simu imebanwa kati ya sikio na bega, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. "Mama, aibu! Mkwe wako yuko hapa!" Alisema hivyo, na papo hapo akaitikia ubeti.

Deus, maskini, alitazama dari. "Shikamoo, mama," aliliambia dari hilo, huku mikono yake ikimpitisha Kulwa dirishani, kisha Doto. Eustadia akawa na mmoja kila mkono. Walikuwa na joto, walikuwa wazito, walikuwa wa kweli! Wote wawili wakaangua kilio kwa pamoja, naye akalia nao, akiwanusa vichwa, akiwataja majina, mpaka honi ikalia na mikono ya Deus ikatoka tena kuwapokea. Kapu likafuata. Treni ikaondoka naye akiikimbiza, akipunga mkono hata baada ya dirisha kupotea.

Alirudi nyumbani polepole. Njiani ndipo alipokumbuka picha, na furaha ikamchoma upande mmoja. Angemwambia nini Ngollo?

Alimkuta akicheka mpaka kitanda kinalia, simu ikiwa kifuani mwake, nyeusi.

"Nilikwambia usiiguse!"

"Ilipopoa nikaiwasha. Hapohapo Julieth akapiga. Nikamwambia mama yako yuko huko anahangaika, mtafute. Kabla hajanijibu nikasikia wanawake wanaimba. Nikasema, ah, hiyo sauti ya mbele mimi naijua, huwa naisikia kanisani."

Eustadia alijifunika uso kwa kitenge.

"Julieth hakukata simu," Ngollo aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Halafu wakalia, Eustadia. Niliwasikia wote wawili, mpaka chaji ikaisha yenyewe."

Eustadia akaketi ukingoni mwa kitanda, pembeni ya ule mguu wa hogo.

"Yule mwenye sauti nene," mzee aliuliza, "ni yupi?"

"Ni Doto."

Ngollo akatikisa kichwa, akaishika simu iliyozimika kwa mikono yote miwili. "Ana sauti ya marehemu mama yangu," alisema.