Mlango wa Meya

Kabla ya kuwa meya, alikuwa na butiki yake mtaani kwetu Kilibula, ng'ambo ya barabara tu kutoka kwenye mashine yangu ya kushonea. Chumvi, mawese, sabuni, sukari, viberiti. Ukinunua kopo la chumvi alikutilia na matabishi, nyongeza ya bure, juu bila kuombwa, huku akikutania kwamba utamfilisi.

Butiki ilikuwa na mlango wa mbao wa pande mbili. Miaka ile ya vita, madereva kutoka bonde la Ruzizi walipitia kwake kwanza, kwa hiyo habari aliipata kabla yetu. Akifungua pande zote mbili, tulipeleka watoto shuleni. Akifungua upande mmoja, hatukuenda mbali na nyumba. Akifunga, tulibeba mafurushi. Hatukumuuliza kitu. Kutazama tu, basi. Na mlango ule haukuwahi kutudanganya.

Wakubwa wapya walipouchukua mji, walitafuta meya ambaye raia hawatamkimbia. Wakamtaka yeye. Alikuja kwangu nimpunguzie koti, uso umemshuka.

"Minye niko muntu wa chumvi," akasema.

Nikacheka. "Weye kubali tu! Heri weye kuliko mgeni."

Mtaa mzima tulimwambia hivyo. Siku ya kuapishwa kwake tulipiga vigelegele hadi sauti zikatukauka. Ningejua, ningelikata lile koti vipande vipande.

Tangu hapo akawa mtu wa biro, kutwa ofisini, butiki akamwachia mkewe.

Asubuhi moja watu wa Mutarule, huko bondeni, walipita mbio, magodoro kichwani. Kaka yangu alikuwa amempatia mama nafasi kwenye kamyo ya mizigo iliyokuwa ikielekea kusini, maana miguu ya mama ilikuwa haimbebi tena. Nguo zake nilishazifunga. Nikatoka kutazama ng'ambo: mlango wazi, pande zote mbili, sukari imepangwa vizuri.

"Iko kimya," nikamwambia kaka. "Tumtesee nini mama njiani?"

Kaka akaiacha kamyo iende. Saa sita haijafika, mabomu yakaanza kuanguka mtaani kwetu. Mama alifia uani, karibu na ndoo ya maji. Ee Mungu wangu, mama yangu.

Vita vilipopoa, alikuwa si meya tena. Alikuja kunipa pole, kwa miguu, na koti lile lile. Sikumpa kiti.

"Kwa nini ulifungua?"

"Walinikataza kufunga. Eti butiki ya meya ikifungwa, watu wataogopa."

"Si ungefungua upande mmoja! Upande mmoja tu, tungeelewa."

"Mungeelewa nini?"

Aka! Nilidhani ananichezea. Nikamweleza yote, upande mmoja, pande mbili, watoto, mafurushi. Akakaa chini kwenye sementi. Kumbe upande ule mmoja alikuwa akiuacha umefungwa ili awahi kuufunga wa pili, askari wakija kupora. Hakujua hata siku moja kwamba tunamtazama.

"Ungeniambia, dada," akasema. "Ungeniambia tu."

Hasira niliyokuwa nimemwekea ikakosa pa kwenda, na mpaka leo ninayo. Miaka yote ile tulisalimiana kila asubuhi, tukaongea bei ya sabuni, tukacheka. Hilo moja halikunitoka kinywani.