Jinsi Karakana ya Mama Nekesa Ilivyofika Ukurasa wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la harusi. Harusi yangu mwenyewe, ya zamani hizo, na vifungo vilikuwa tayari vinagoma. Nilikuwa nimetoka kiwanda cha sabuni kilichofungwa, na shule niliiachia darasa la sita, basi nikadhani kazi ya kompyuta mtu huendea akiwa amependeza. Mwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta za kukodi, kule Mathare, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee, unaoa ama unaajiriwa?"

Nikaajiriwa. Kazi ilikuwa kusajili tovuti za watu kwenye saraka. Nyinyi vijana mtauliza saraka ni nini. Ni kama kile kitabu kinene cha simu cha zamani, ila hiki kiko mtandaoni: maseremala huku, wapishi kule, kila mmoja na jina lake, mahali alipo, namba ya simu, na kiungo, yaani yale maandishi ukiyabonyeza yanakufikisha kwenye tovuti yake. Mtu akitafuta seremala, mtambo wa kutafutia huchungulia kila pembe kuona nani anatajwa na nani. Ukitajwa na saraka za maana, unapandishwa juu. Usipotajwa unalala kurasa za nyuma huko, ambako hata wewe mwenyewe huwezi kufika.

Mwenye saiba alikuwa mtu wa kelele. "Weka kila mahali!" Tukaweka. Muuza chapati wa Mathare tukamsajili kwenye saraka ya hoteli za ng'ambo, kando ya majumba yenye bwawa la kuogelea. Mzungu fulani akaandika kuuliza kama chumba kinatazama bahari. Yule muuza chapati alicheka mpaka akaunguza chapati. Lakini naona nimepotea, nilitaka kusema habari za Meneja.

Meneja alinichukua baadaye kwenye ofisi yake ndogo Muthurwa, juu ya wauza mitumba, ambapo hata ukifunga dirisha unasikia bei za suruali. Mama kijana, mpole, lakini akikagua kazi yako hapitwi na kosa. Yeye alitaka saraka chache, zile ambazo mhariri anakusoma kwanza kabla ya kukukubali. "Mzee wangu," aliniambia, "saraka ya takataka inakuvuta chini pamoja nayo."

Ndipo akaja Mama Nekesa, fundi wa viti vya magurudumu. Alifanya kazi kando ya barabara miaka mingi, barabara ikapanuliwa, akasukumwa ndani kabisa mtaani. Wateja hawakumwona tena. Watu wa kanisa lake walimchangia tovuti, nzuri tu, lakini haikuonekana popote.

"Kuna mtu anataka kununua mashine yangu ya kuchomelea," alituambia. "Nimemwambia aje mwisho wa mwezi. Wateja wasipokuja, naiachilia, narudi kwetu Bungoma."

Tukafungua saraka alizokuwa amejisajili mwenyewe. Jamani! Mnajua sisi watu wa mitaa ya Eastlands: ukituuliza tuko wapi, tunakuuliza kwanza unatoka wapi. Na yeye alijaza hivyo hivyo. Saraka moja: "Ukitoka Muthurwa, shuka kwa kanisa, ingia ndani." Nyingine: "Ukitoka Komarock, pita msikiti, geuka kwa posho mili ya kusaga unga." Nyingine tena: "Uliza tu Mama Nekesa, wote wananijua."

Mimi nikaona ni sawa kabisa. Meneja akatikisa kichwa. "Mtambo hautoki popote, mama. Unaona karakana nyingi mahali tofauti, haujui ya kweli ni ipi, unaziacha zote chini. Jina, mahali na simu lazima vifanane kila saraka."

"Na anayetoka Mathare atafikaje?" akauliza Mama Nekesa.

"Atafika. Chagua mahali pamoja."

Kuchagua! Namba ya ploti aliijua mwenye nyumba peke yake, na mwenye nyumba alikuwa hapokei simu. Tukaenda hadi karakana, majirani wakajaa. Mama mmoja wa kwaya akasema iandikwe nyuma ya kanisa.

"Kanisa gani?" akauliza Mzee Abdi wa duka la jumla. "Makanisa yamejaa hapa kama vibanda. Msikiti ni mmoja. Andika mkabala na msikiti."

"Msikiti uko upande, si mkabala!"

"Kwani umelala? Toka nje uangalie!"

Wakatoka kweli, wote, kuangalia. Waliporudi, Mama Nekesa alikuwa amefungua rangi yake ya bluu ya kupaka viti na anapaka lango lake. Alipomaliza akaandika juu yake jina la mtaa, na chini, "Lango la Bluu."

"Haya," akasema. "Sasa nibishieni."

Nikaandikia kila saraka ibadilishe. Zingine zilijibu upesi, mhariri mmoja akataka picha ya lango, nyingine nadhani mwenyewe alikufa na nywila yake. Kila asubuhi nilitafuta fundi wa viti kama mteja angetafuta, nikishuka kurasa. Ukurasa wa sita. Wa nne. Tukakwama hapo, hata chai ikanishinda.

"Saraka hazikimbii, mzee wangu," Meneja akanituliza.

Mwisho wa mwezi tukaingia ukurasa wa kwanza, chini kabisa, tumening'inia. Nikaenda kumwambia Mama Nekesa. Nikakuta yule mnunuzi ameshafika, mkokoteni uko nje, anakagua nyaya za mashine. Mara lango likagongwa. Binti mmoja wa Komarock alikuwa anamsukuma babake, gurudumu la kiti linayumba, simu ameinyoosha mbele kama tochi.

"Habari zenu. Nimewaona mtandaoni. Mnaweza kutusaidia?"

Mama Nekesa akamtazama yule baba, kisha mnunuzi. "Wewe kaka, kwa kuwa umesimama tu, hebu nishikie hili gurudumu."

Akashika. Mkokoteni ukarudi mtupu.

Macho yalipochoka nikastaafu. Saraka nyingi zimekufa sasa, watu wanafuata ramani za simu, na vijana wananiambia kazi yangu imepitwa. Labda. Lakini aliyevunjikiwa bado anamtafuta fundi, na lazima kuwe na mtu wa kuwakutanisha. Nyinyi mtafanya hivyo kwa njia zenu, na nadhani mtafanya vizuri kutushinda.

Mimi huenda kumtembelea Mama Nekesa. Akitaka kuchomelea hunifokea, "Geuka, mzee, utaharibu macho!" Nageuka, na huko nilikogeukia kuna watu wamepanga foleni hadi nje. Nawaondokea kwenye benchi ili wakae.